Thaddeus Stevens: Wakili aliyekataa kuzikwa katika makaburi ya ubaguzi

MNAMO Agosti 1868, maelfu ya watu, weusi kwa weupe, walimiminika katika jumba la Bunge la Marekani jijini Washington ili kutoa heshima za mwisho kwa mzee wa miaka 76 aliyelazwa chini ya kuba kubwa la jumba hilo. Jeneza lake lililindwa na wanajeshi weusi, jambo ambalo miaka michache tu awali lisingeweza kufikirika.

Marehemu hakuwa rais wala jenerali. Alikuwa Thaddeus Stevens, wakili kutoka jimbo la Pennsylvania aliyegeuka kuwa mwanasiasa, na ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa mtu mwenye ushawishi mkubwa kuliko wote katika Baraza la Wawakilishi. Kabla yake, ni Seneta Henry Clay na Rais Abraham Lincoln pekee waliokuwa wamepewa heshima ya kulazwa mahali hapo.

Jina la Lincoln linafahamika kote duniani. La Stevens halijulikani sana nje ya Marekani, ilhali mengi ambayo Lincoln husifiwa kwayo yalipiganiwa mapema zaidi, na kwa ukali zaidi, na wakili huyu aliyechechemea.

Mtoto wa mama

Stevens alizaliwa Aprili 4, 1792 katika kijiji cha Danville, jimbo la Vermont, kaskazini mwa Marekani. Alizaliwa na mguu mmoja uliopinda. Kaka yake mkubwa alikuwa amezaliwa na miguu yote miwili ikiwa hivyo, na katika zama hizo wapo walioamini kuwa ulemavu wa aina hiyo ulikuwa laana kutoka mbinguni.

Babaye, aliyekuwa fundi wa viatu na mkulima asiyefanikiwa, aliitoroka familia na kumwachia mkewe, Sarah, mzigo wa kuwalea wavulana wanne. Mama huyo alifanya kazi za sulubu usiku na mchana. Kwa kuwa aliona Thaddeus hangeweza kazi ngumu za shamba, aliazimia kumpa elimu kwa gharama yoyote ile.

Jitihada hizo hazikuambulia patupu. Kijana huyo alihitimu katika Chuo cha Dartmouth mwaka 1814, kisha akahamia Pennsylvania ambako alifundisha shule huku akisomea sheria. Baadaye, alipopata uwezo, alimnunulia mamake shamba, na hadi uzeeni alisema kuwa yote aliyoyapata maishani yalitokana na mama huyo.

Alipokuwa tayari kufanya mtihani wa uanasheria, mawakili wa mji wa York alikokuwa akifundisha walikuwa na kanuni iliyomzuia mtu aliyesoma sheria huku akifanya kazi nyingine. Stevens hakukata tamaa. Alipanda farasi akavuka mpaka hadi jimbo jirani la Maryland, akatahiniwa huko na kufaulu. Mwaka huo huo wa 1816 alifungua ofisi yake katika mji mdogo wa Gettysburg.

Kesi iliyomtia doa

Mwanzoni wateja walikuwa haba. Mambo yalibadilika alipomtetea mshtakiwa mmoja wa mauaji kwa hoja kwamba hakuwa na akili timamu alipotenda kosa hilo. Mteja wake alinyongwa, lakini waliosikiliza utetezi huo waliondoka wakijua kuwa mji wao umepata wakili hodari. Punde si punde akawa miongoni mwa mawakili waliotafutwa sana katika wilaya hiyo.

Hata hivyo, mwaka 1821 alifanya jambo ambalo wanaomsifu hawawezi kulifumbia macho. Mwanamke mweusi aliyeitwa Charity Butler alikuwa ameenda mahakamani kudai uhuru wake na wa watoto wake. Sheria ya Pennsylvania ilisema kwamba mtumwa aliyeletwa na bwana wake kutoka jimbo jingine na kukaa Pennsylvania kwa miezi sita alikuwa huru. Charity alikuwa ameletwa mara kadhaa, na siku hizo zikijumlishwa zilipita miezi sita.

Stevens alisimama upande wa mwenye watumwa. Alihoji kwamba miezi hiyo sharti iwe mfululizo bila kukatika. Majaji walikubaliana naye. Charity na watoto wake wakarejeshwa utumwani.

Ilikuwa hoja sahihi ya kisheria na ushindi halali wa wakili. Lakini tangu miaka iliyofuata, Stevens hakuonekana tena akiwatetea wenye watumwa. Badala yake aliwatetea watumwa watoro bila kudai malipo, na chuki yake dhidi ya utumwa ikawa nguzo ya maisha yake ya kisiasa. Alikuwa amejionea jinsi sheria, ikiwa mikononi mwa mtu mwenye ulimi mwepesi, inavyoweza kumfunga minyororo mtu asiye na hatia.

Shule za bure

Mwaka 1833 Stevens alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Pennsylvania. Mwaka uliofuata bunge hilo lilipitisha sheria ya kuanzisha shule za umma zitakazogharamiwa kwa kodi, ambapo watoto wote wangesoma bila malipo. Awali, mzazi maskini aliyetaka mtoto wake asomeshwe kwa fedha za serikali alilazimika kwanza kusajiliwa hadharani kuwa fukara.

Walipa kodi walikuja juu. Wakulima wenye mali hawakuona sababu ya kuwalipia karo watoto wa wengine. Uchaguzi ulipofanyika, wabunge wengi walirudi wakiwa wameapa kuifuta sheria hiyo. Bunge la Seneti la jimbo lilikuwa tayari limepiga kura ya kuifuta, na hata wapiga kura wa Stevens mwenyewe walimtaka aunge mkono hatua hiyo.

Aprili 11, 1835 alisimama kuzungumza. Aliwaambia wenzake kwamba kumsajili mtoto kuwa fukara ili apate elimu ni kumpiga chapa ya aibu, na kwamba taifa linalojitawala kwa kura haliwezi kudumu ikiwa wapiga kura wake ni wajinga. Aliwakumbusha matajiri kwamba wao hulipa kodi ya kujenga jela ingawa hawatarajii kulala humo, basi iweje waone uchungu kulipia shule?

Alipoketi, mawazo ya wengi yalikuwa yamebadilika. Jaribio la kuifuta sheria hiyo lilishindwa, na Seneti nayo ikalegeza msimamo. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, lakini Stevens, ambaye hakuwahi kuoa, alikuwa amehatarisha kiti chake kwa ajili ya watoto wa wengine.

Miaka mitatu baadaye, katika kongamano la kuandika upya katiba ya Pennsylvania, wajumbe waliamua kuwanyima watu weusi haki ya kupiga kura. Stevens alikataa katakata kuitia sahihi katiba hiyo.

Kesi ya uhaini

Mnamo 1842, akiwa amelemewa na madeni yaliyotokana na kiwanda chake cha chuma, alihamia mji wa Lancaster ambako kulikuwa na kazi nyingi zaidi za uwakili. Huko alimwajiri Lydia Hamilton Smith, mjane mwenye asili ya Kiafrika, kuwa msimamizi wa nyumba yake. Wawili hao waliishi nyumba moja kwa zaidi ya miaka 20. Mahasimu wake walieneza uvumi kwamba walikuwa mume na mke, uvumi ambao haukuwahi kuthibitishwa na ambao Stevens hakujishughulisha kuujibu. Inayojulikana ni heshima aliyompa: aliwataka wageni wake wamwite Bi Smith, wakati ambapo wanawake weusi waliitwa kwa majina ya kwanza tu kama watoto.

Mwaka 1848 alichaguliwa kuingia Bunge la Congress kwa tikiti ya chama cha Whig. Miaka miwili baadaye, Congress ilipitisha sheria iliyowalazimu raia wa majimbo yasiyo na utumwa kusaidia kuwakamata watumwa watoro. Stevens aliipinga kwa ukali.

Sheria hiyo ilimfuata hadi mlangoni pake. Septemba 11, 1851 mmiliki wa watumwa kutoka Maryland, Edward Gorsuch, aliwasili katika kijiji cha Christiana, karibu na Lancaster, akiwasaka watumwa wake waliotoroka. Weusi wa eneo hilo, wakiongozwa na William Parker, walikataa kuwatoa. Risasi zilifyatuliwa na Gorsuch akauawa.

Serikali iliwashtaki zaidi ya watu 30 kwa kosa la uhaini. Wa kwanza kusimamishwa kizimbani alikuwa Castner Hanway, mzungu mwenye kinu cha kusaga nafaka, ambaye kosa lake lilikuwa kukataa kuwasaidia wasakaji. Stevens alikuwa miongoni mwa mawakili wake. Kesi hiyo ilisikilizwa mjini Philadelphia, katika jumba lile lile ambamo Azimio la Uhuru wa Marekani lilitiwa sahihi mwaka 1776. Jopo la raia lililosikiliza ushahidi lilichukua takriban dakika 15 tu kumwachilia Hanway, na kesi dhidi ya wenzake zikasambaratika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanaakiolojia waliochimba katika uwanja wa nyumba ya Stevens mjini Lancaster walipata kisima cha kuhifadhia maji ya mvua kilichokuwa kimefanyiwa marekebisho. Wanaamini kuwa huenda kilitumiwa kuwaficha watoro waliokuwa njiani kuelekea kaskazini.

Vita na fedha

Stevens aliondoka Congress mwaka 1853 na kurejea mwaka 1859 akiwa mwanachama wa chama kipya cha Republican. Alikuwa na miaka 67, umri ambao wengi hupumzika. Kwake ndiyo kwanza kazi ilikuwa inaanza.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyosimamia ushuru na matumizi ya serikali. Yeye ndiye aliyesukuma miswada ya fedha iliyolilipa jeshi mishahara, ikiwemo sheria ya mwaka 1862 iliyoiruhusu serikali kuchapisha noti zisizotegemea dhahabu. Wakosoaji wake hawakukosa kusema kwamba ushuru mkubwa aliouunga mkono dhidi ya bidhaa za kigeni ulivinufaisha pia viwanda vya chuma, kikiwemo chake.

Faida hiyo, kama ilikuwepo, iliteketea Juni 1863. Jenerali Jubal Early wa majimbo ya Kusini alifika katika kiwanda cha Stevens, Caledonia, na kuamuru kichomwe moto kwa sababu ya siasa za mwenyewe. Stevens aliandika kwamba hasara hiyo haikumsumbua sana, ila aliwahurumia wafanyakazi waliopoteza riziki. Mwaka huo huo, mpwa wake Alanson aliuawa katika mapigano ya Chickamauga.

Tangu mwanzo wa vita alimshinikiza Lincoln awaachilie huru watumwa na kuwapa silaha. Lincoln, aliyehofia kuyapoteza majimbo ya mpakani, alikwenda hatua kwa hatua. Alitangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi mnamo Januari 1, 1863, lakini tangazo la vita lingeweza kubatilishwa baada ya vita. Kilichohitajika ni kuibadilisha Katiba.

Mjadala kuhusu Marekebisho ya 13 ulipopamba moto Januari 1865, wapinzani walimtegea Stevens mtego. Walitaka akiri kwamba anaamini watu weusi ni sawa na weupe kwa kila hali, ili wabunge waliosita waogope. Yeye ambaye kamwe hakuwa na simile katika maneno yake alijizuia, akasema anachodai ni usawa mbele ya sheria tu. Januari 31, marekebisho hayo yalipitishwa kwa kura 119 dhidi ya 56, na kufikia Desemba mwaka huo utumwa ulikuwa umeharamishwa kote Marekani.

Ekari 40

Lincoln aliuawa Aprili 1865 na nafasi yake ikachukuliwa na makamu wake, Andrew Johnson, aliyetoka Tennessee. Johnson aliwasamehe waasi kwa wingi na kuwarejeshea mashamba yao. Majimbo ya Kusini nayo yakapitisha sheria zilizowazuia weusi kusafiri, kubadilisha waajiri au kukaa bila kazi. Utumwa ulikuwa umetoka kwa mlango wa mbele ukarudi kwa dirisha.

Wajumbe wa majimbo hayo walipofika Washington Desemba 1865 kuchukua viti vyao, Stevens alikuwa amejipanga. Karani wa Baraza, Edward McPherson, aliyekuwa mfuasi wake kutoka Gettysburg, aliyaruka majina yao alipokuwa akisoma orodha. Hawakuapishwa.

Mwaka 1866 Stevens alisaidia kulipitisha Bungeni Marekebisho ya 14, yanayosema kwamba kila aliyezaliwa Marekani ni raia, na kwamba hakuna jimbo litakalomnyima mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria. Hakuridhika nayo, kwa kuwa hayakuwapa weusi moja kwa moja haki ya kupiga kura. Aliliambia Baraza kuwa anayakubali hivyo hivyo kwa sababu anaishi miongoni mwa binadamu, si malaika. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Stevens aliliona kuwa kiini cha yote: ardhi. Katika hotuba aliyoitoa Lancaster Septemba 1865, alipiga hesabu waziwazi. Takriban watu 70,000 Kusini, kila mmoja akiwa na zaidi ya ekari 200, walimiliki pamoja na serikali za majimbo yao ekari milioni 394. Alitaka ardhi hiyo itwaliwe. Ekari milioni 40 zingetosha kumpa kila mwanamume mtu mzima aliyekuwa mtumwa ekari 40. Zilizosalia zingeuzwa ili kulipa deni la vita na malipo ya uzeeni ya wanajeshi.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mtu aliyeachiliwa huru bila shamba, bila nyumba na bila senti mfukoni atalazimika kurudi kwa bwana wake wa zamani kuomba kazi, kwa masharti ya bwana huyo. Kura yake itakuwa ya bwana huyo pia.

Wenzake walimwacha mkono. Wengi wa wabunge wa Republican walikuwa tayari kuwapa weusi kura, lakini kugusa hatimiliki za ardhi kuliwatia hofu. Mswada aliouwasilisha mwaka 1867 haukufika popote. Utabiri wake, kwa masikitiko, ulitimia: kwa vizazi kadhaa familia za weusi Kusini zililima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, zikizama katika madeni mwaka baada ya mwaka.

Kumng'oa rais

Uhasama kati ya Stevens na Johnson ulifikia kilele Februari 1868, rais alipomfuta kazi Waziri wa Vita, Edwin Stanton, kinyume na sheria iliyokuwa imepitishwa na Congress. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 126 dhidi ya 47 kumfungulia Johnson mashtaka. Alikuwa rais wa kwanza wa Marekani kukumbwa na hatua hiyo.

Wakati huo Stevens alikuwa mgonjwa mahututi. Alibebwa kwa kiti hadi ukumbini kila siku, na ilipombidi kusoma hotuba yake, sauti ilimkauka akamwachia mwenzake amalizie. Mei 16, Seneti ilipiga kura kuhusu shtaka la 11, ambalo Stevens ndiye aliyelipigania kuongezwa: maseneta 35 walimpata rais na hatia, 19 wakamwondolea lawama. Zilihitajika kura 36. Johnson aliponea kwa kura moja.

Stevens alifariki usiku wa Agosti 11, 1868, siku chache baada ya Marekebisho ya 14 kuidhinishwa rasmi. Kando ya kitanda chake walikuwepo Lydia Smith, mpwa wake na watawa waliokuwa wakimuuguza. Wanachama wa Republican wa Lancaster walimteua kuwa mgombea wao hata baada ya kifo chake, kama ishara ya heshima.

Alikuwa ameshanunua mahali pa kuzikwa katika makaburi makubwa ya mji huo, lakini alipogundua kwamba kanuni ziliwazuia watu weusi kuzikwa humo, alirudisha hati. Alichagua makaburi madogo ya Shreiner, yaliyowapokea watu wa rangi zote. Maneno aliyoyaandika mwenyewe kwenye jiwe la kaburi lake yanaeleza kwamba hakuja mahali hapo kwa kupenda upweke, bali ili athibitishe katika mauti kanuni aliyoitetea maishani: kwamba binadamu wote ni sawa mbele ya Muumba wao.

Katika wosia wake alimwachia Lydia Smith fedha, na akatenga nyingine za kujenga makao ya mayatima wasiobaguliwa kwa rangi. Kutokana na wosia huo kulizuka taasisi ambayo leo ni chuo cha ufundi mjini Lancaster, kinachobeba jina lake.

Hukumu ya historia

Kwa muda mrefu waandishi wa historia walimchora Stevens kama mzee mwenye roho mbaya aliyeongozwa na kisasi. Filamu ya mwaka 1915, The Birth of a Nation, ilikuwa na mhusika mbaya aliyeundwa kwa mfano wake. Ni kuanzia miaka ya 1950 na 1960, vuguvugu la haki za weusi lilipopata nguvu, ndipo wanahistoria walipoanza kumtazama upya.

Kufikia wakati huo Marekebisho ya 14 yalikuwa yamezinduka kutoka usingizi wa miongo mingi. Mwaka 1954, wakili mweusi Thurgood Marshall aliyatumia kuishawishi Mahakama ya Juu kwamba kuwatenganisha wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha Katiba. Marshall huyo huyo ndiye aliyesafiri London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika kongamano la kwanza la Lancaster House, ambako aliandaa rasimu ya haki za kimsingi. Huko nako swali zito lilikuwa lile lile lililomkosesha Stevens usingizi: uhuru unapokuja, ardhi itakuwa ya nani?

Stevens hakulijibu swali hilo kwa vitendo, kwani alishindwa. Lakini wakili aliyeanza kwa kumrudisha Charity Butler utumwani kwa hesabu ya miezi alimaliza akiwa ameandika katika Katiba ya nchi yake maneno ambayo hakuna wakili angeweza kuyatumia tena kufanya hivyo.